Ndizi, maharage na rangi ya zambarau: Jinsi ya kutambua wanga, sukari, protini na mafuta katika chakula

Na Mwandishi Wetu, Moshi

MTU anayefika Soko la Mbuyuni mjini Moshi asubuhi hukutana na chakula cha mlima mzima. Ipo mikungu ya mshare iliyoteremshwa kutoka vijiji vya juu, yapo magimbi, maharage, parachichi, mayai na maziwa. Pembeni yake vimo vyakula vilivyotoka mbali zaidi, kama vile dagaa, karanga na mchele.

Vyakula hivyo vyote hushibisha. Lakini ni kipi chenye protini, kipi ni wanga mtupu, na kipi kina mafuta? Macho hayatoshi kujibu swali hilo, wala ulimi hautoshi. Ndizi mbichi ya kupika na yai la kuchemsha vyote havina utamu, ilhali kazi yake mwilini ni tofauti kabisa.

Swali hilo huulizwa katika mtihani wa vitendo wa somo la Biolojia wa kidato cha nne, pale mtahiniwa anapopewa kimiminika kisicho na jina na kutakiwa aseme kina nini ndani yake. Kwa maneno mengine, huulizwa pia na kila mama anayemwanzishia mtoto chakula cha kwanza baada ya miezi sita ya maziwa ya mama.

Makala haya yanaeleza vipimo vinne vya kikemia vinavyotumika shuleni kutambua viinilishe vikuu, namna vinavyofanyika, jinsi vyakula vya Kilimanjaro vinavyojibu, na mambo ambayo vipimo hivyo haviwezi kuyasema.

Viinilishe vinavyotafutwa

Chakula chochote, kiwe mtori au ugali, hutoa nguvu kupitia makundi matatu makubwa: kabohaidreti, protini na mafuta.

Kabohaidreti ndilo kundi lenye wanga na sukari. Gramu moja hutoa takriban kilokalori 4 za nguvu. Protini nayo hutoa kiasi hicho hicho, lakini kazi yake kubwa ni kujenga mwili na kuurekebisha: misuli, ngozi, damu na vimeng'enya vyote vinaihitaji. Mafuta hutoa takriban kilokalori 9 kwa kila gramu, yaani zaidi ya mara mbili ya wanga.

Vipimo ni vinne na si vitatu kwa sababu wanga na sukari, ingawa ni ndugu, hujibu kemikali tofauti.

Kuandaa sampuli

Chakula kigumu hupondwa kwanza kwenye kinu kidogo, huongezwa maji safi kidogo, kisha huchujwa kwa kitambaa ili kupata kimiminika. Maharage hulowekwa usiku kucha kabla ya kupondwa. Maziwa na ute mweupe wa yai huongezwa maji tu.

Kila sampuli hugawanywa katika neli nne za majaribio, ambazo wanafunzi wengi huziita testi tyubu. Neli ya tano huwekwa maji matupu na kufanyiwa kipimo kile kile kama sampuli. Hiyo ndiyo neli ya kulinganishia, kwani bila hiyo ni rahisi kudhani rangi imebadilika wakati ni rangi ya kemikali yenyewe iliyopungua ukali kwa kuchanganywa na maji.

Kipimo cha kwanza: Wanga

Kemikali inayotumika ni iodini iliyoyeyushwa katika maji yenye iodaidi ya potasiamu. Rangi yake ni ya kahawia inayoelekea njano. Matone mawili au matatu yakidondoshwa juu ya chakula chenye wanga, rangi hugeuka kuwa bluu iliyokolea hadi kuonekana nyeusi.

Iodini iligunduliwa nchini Ufaransa mwaka 1811 na Bernard Courtois, na miaka mitatu baadaye wakemia wa nchi hiyo hiyo, Jean-Jacques Colin na Henri-François Gaultier de Claubry, walieleza rangi hiyo ya bluu inayotokea iodini inapokutana na wanga. Sababu yake ni kwamba sehemu moja ya wanga, iitwayo amilosi, imejisokota mfano wa chemchemi ya kalamu. Iodini huingia ndani ya msokoto huo na kunaswa, na hapo ndipo rangi hubadilika.

Kipimo hiki hufanywa sampuli ikiwa baridi. Ikiwa ya moto, msokoto hulegea na rangi hupotea, kisha hurudi sampuli inapopoa. Mwanafunzi anayepima uji wa moto anaweza kuandika kwamba hauna wanga, jambo ambalo ni kosa.

Hiki pia ndicho kipimo ambacho kinaweza kufanyika nyumbani bila maabara. Iodini ya kupaka kidonda inayouzwa katika maduka ya dawa, ikiongezwa maji mpaka ifanane na chai ya rangi isiyokolea, hutosha. Kipande cha ndizi mbichi, gimbi, kiazi, punje za wali au tonge la ugali vyote vitageuka vyeusi. Ute wa yai na maziwa halisi havitageuka.

Kwa sababu hiyo, iodini hutumika pia kubaini udanganyifu. Maziwa yakiongezwa maji, baadhi ya wauzaji wasio waaminifu huongeza unga ili yaonekane mazito. Tone la iodini katika maziwa ya namna hiyo yaliyopoa huleta bluu ambayo maziwa ya ng'ombe peke yake hayawezi kuitoa.

Hata hivyo, msomaji asitarajie chumvi yenye madini joto kubadilisha rangi ya ugali. Madini hayo huongezwa kwenye chumvi yakiwa katika umbo la iodeti ya potasiamu, ambalo peke yake haliushiki wanga. Ndiyo maana vifaa vya kupimia chumvi hiyo huwa na wanga pamoja na kemikali za kuitoa iodini kwanza, na rangi ya bluu inayotokea ni ile ile ya kipimo cha wanga.

Kipimo cha pili: Sukari

Hapa hutumika myeyusho wa Benedict, uliopewa jina la mkemia wa Marekani, Stanley Rossiter Benedict, aliyeutengeneza mwanzoni mwa karne ya 20. Una rangi ya bluu kwa sababu ndani yake mna salfeti ya shaba, kemikali ambayo kwa Kiswahili huitwa mrututu. Wakulima wa kahawa wa mlimani hawaioni kuwa ngeni, kwani dawa zenye shaba zimetumika kwa miaka mingi kupambana na magonjwa ya ukungu katika mibuni.

Mililita 2 za sampuli huchanganywa na mililita 2 za myeyusho huo, kisha neli husimamishwa ndani ya chombo chenye maji yanayochemka kwa dakika tatu hadi tano. Sukari ikiwepo, rangi hupanda kwa ngazi: kutoka bluu kwenda kijani, kisha njano, kisha chungwa, na mwisho nyekundu ya tofali. Kadiri sukari inavyokuwa nyingi ndivyo rangi inavyosogea kwenye wekundu.

Asali hufika kwenye wekundu kwa haraka, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni glukosi na fruktosi. Ndizi mbivu nayo hujibu vizuri. Maziwa hugeuka pia, kutokana na sukari yake iitwayo laktosi.

Ajabu inayowashangaza wanafunzi wengi ni kwamba sukari nyeupe ya dukani haibadilishi rangi. Sukari inayotokana na miwa ya mashamba ya TPC yaliyoko Arusha Chini, kusini mwa mji wa Moshi, ni sukrosi. Hiyo imeundwa na glukosi na fruktosi zilizoshikana kwa namna ambayo sehemu inayotakiwa kuitikia kemikali imefungwa.

Ili kuipata, sampuli huchemshwa kwanza na matone ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, hupozwa, kisha asidi huondolewa ukali kwa kuongeza baikaboneti ya sodiamu kidogo kidogo mpaka povu likome. Baada ya hapo kipimo cha Benedict hurudiwa, na safari hii rangi nyekundu huonekana. Sampuli iliyokaa bluu mara ya kwanza na kugeuka nyekundu mara ya pili ndiyo inayoandikwa kwamba ina sukari isiyojibu moja kwa moja.

Kwa miongo mingi myeyusho huu ulitumika pia hospitalini kupima sukari katika mkojo wa wagonjwa wa kisukari, kabla vipimo vya karatasi na vya tone la damu havijachukua nafasi yake.

Kipimo cha tatu: Protini

Kipimo cha protini huitwa Biureti. Mililita 2 za sampuli huongezwa mililita moja ya haidroksaidi ya sodiamu, hutikiswa, kisha hudondoshewa salfeti ya shaba nyepesi ya asilimia moja, tone baada ya tone. Hakuna haja ya kuchemsha. Protini ikiwepo, rangi huwa zambarau. Isipokuwepo, hubaki bluu.

Shaba katika kipimo hiki hushika viungo vinavyounganisha asidi amino moja na nyingine katika mnyororo wa protini. Ndiyo maana ute wa yai, ambao ukiacha maji karibu wote ni protini, hutoa zambarau iliyo wazi kabisa. Maziwa, maharage yaliyolowekwa, karanga na dagaa waliopondwa hufuata.

Kosa la kawaida ni kumimina salfeti ya shaba nyingi. Bluu yake huifunika zambarau, na mtahiniwa huandika kuwa protini haipo wakati ipo. Matone matatu au manne yanatosha.

Zamani baadhi ya shule zilitumia kemikali ya Millon, inayotoa rangi nyekundu. Kemikali hiyo ina zebaki, ambayo ni sumu, na Biureti ni mbadala salama zaidi.

Asiye na kemikali hizo anaweza kuona tabia ya protini kwa njia nyingine. Ute wa yai ukitiwa kwenye maji ya moto huganda na kuwa mweupe. Maziwa yakikamuliwa ndimu hukatika, na mabonge yanayoonekana ni protini iitwayo kasini pamoja na mafuta yaliyonaswa ndani yake. Njia hizi huonyesha jinsi protini inavyojibu joto na tindikali, lakini hazifanyi kazi kwa kila chakula na hazichukui nafasi ya Biureti.

Kipimo cha nne: Mafuta

Njia rahisi kuliko zote ni ya karatasi. Kipande cha parachichi au karanga iliyopondwa husuguliwa juu ya karatasi ya kaki, kisha karatasi huachwa ikauke. Doa la maji hukauka na kutoweka. Doa la mafuta hubaki, na karatasi ikiinuliwa dhidi ya mwanga, mwanga hupenya mahali hapo. Kila aliyewahi kununua maandazi yaliyofungwa kwenye gazeti amekiona kipimo hiki bila kujua.

Maabara hutumia rangi ya Sudani III. Matone matatu hutiwa kwenye sampuli, hutikiswa na kuachwa itulie. Kwa kuwa rangi hiyo huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, tabaka jekundu hujitenga na kuelea juu.

Njia ya tatu hutumia ethanoli. Chakula hutikiswa ndani ya ethanoli ili mafuta yayeyuke, kisha kimiminika hicho humiminwa kwenye maji. Mafuta yakiwepo, maji hugeuka ukungu mweupe mfano wa maziwa. Ethanoli hushika moto haraka, hivyo kipimo hiki hakifanywi karibu na jiko linalowaka.

Mgomba unaobadilika ndani ya wiki moja

Hakuna chakula kinachoonyesha kazi ya vipimo hivi vizuri kama ndizi. Ndizi mbichi ina wanga unaokaribia sehemu moja ya tano ya uzito wa nyama yake. Ikikatwa na kutiwa iodini, uso wote huwa mweusi.

Ndizi za mkungu huo huo zikivumbikwa na kipande kimoja kupimwa kila siku, weusi huanza kupungua. Ndizi za kuivisha zinapokuwa zimelainika kabisa, wanga huwa umebaki kidogo sana. Wakati huo huo kipimo cha Benedict, ambacho siku ya kwanza kilikuwa dhaifu, hufika kwenye nyekundu ya tofali. Vimeng'enya vilivyomo ndani ya tunda vimeukata wanga kuwa sukari.

Jambo hilo hilo hutokea kwenye ulezi unapooteshwa ili kupata kimea cha mbege. Punje inayochipua hutengeneza kimeng'enya cha amilesi, nacho huukata wanga. Ndiyo siri ya mbege: ndizi mbivu huleta sukari, na kimea huleta sukari zaidi pamoja na uwezo wa kuendelea kuukata wanga uliosalia, kisha hamira za asili hugeuza sukari hiyo kuwa kilevi.

Kimea hicho kina faida nyingine isiyojulikana sana mlimani. Kijiko chake kikikorogwa kwenye uji mzito uliopoa kiasi, uji hulegea na kuwa mwepesi bila kuongezwa maji. Mtoto mdogo, ambaye tumbo lake halichukui uji mwingi, hupata chakula kingi zaidi katika kikombe kile kile. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1973, waliishughulikia njia hiyo kwa ajili ya uji wa watoto. Kimea lazima kiwe kikavu, safi na kisicho na ukungu, na uji urudishwe jikoni uchemke tena kabla ya mtoto kupewa.

Sahani yenye jibu moja tu

Sasa tuirudie sahani ya mtoto. Ndizi ya kupika iliyopondwa na kulainishwa kwa maji, ikipelekwa kwenye neli nne, hujibu kwa nguvu kipimo kimoja tu, yaani cha wanga. Biureti hubaki karibu na bluu, kwani ndizi ina takriban gramu moja tu ya protini katika kila gramu 100. Karatasi hukauka bila doa.

Kwa kulinganisha, gramu 100 za maziwa ya ng'ombe zina gramu 3 na kidogo za protini, yai lina takriban gramu 12 hadi 13, na maharage makavu yana zaidi ya gramu 20. Parachichi lina takriban gramu 15 za mafuta. Mtu anayetaka takwimu za kina anaweza kuziona katika majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Tanzania yaliyochapishwa mwaka 2008.

Historia ya Afrika inaonyesha gharama ya sahani ya namna hiyo. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast ambayo leo ni Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa chakula cha wanga. Mwaka 1935 aliutaja kwa jina lake la lugha ya Kiga, kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto anayepata wakati mdogo wake anapozaliwa. Kwetu umezoeleka kuitwa kwashakoo.

Uganda, ambako matoke ni chakula kikuu kama mshare ulivyo Kilimanjaro, ikawa kitovu cha utafiti wa ugonjwa huo. Hugh Trowell na wenzake, J.N.P. Davies na R.F.A. Dean, walichapisha kitabu kizima juu yake mwaka 1954 kutokana na kazi yao iliyofanyika zaidi Kampala. Baadaye, katika Hospitali ya Mulago, kituo cha lishe cha Mwanamugimu kilijikita katika kuwafundisha kina mama kuandaa kitobero, yaani chakula cha mtoto kinachochanganya matoke au wanga mwingine na maharage, karanga, maziwa au samaki, pamoja na mboga za majani, vyote katika chungu kimoja.

Wanasayansi wameendelea kubishana kuhusu chanzo hasa cha kwashakoo, na leo inafahamika kwamba upungufu wa protini peke yake hauielezi yote. Maambukizi, upungufu wa viinilishe vingine na chakula kichache kwa ujumla vinahusika. Lakini funzo la chungu kimoja halijapingwa: mtoto hakui kwa wanga mtupu.

Kwa Tanzania funzo hilo bado lina uzito. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano walikuwa na udumavu, kutoka asilimia 34 katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016. Mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo inazalisha chakula kwa wingi, ilikuwa miongoni mwa ile yenye viwango vya juu kabisa. Ghala lililojaa halimaanishi sahani iliyokamilika.

Kiburu mbele ya kemikali

Mlima wenyewe, hata hivyo, una jibu la siku nyingi. Kiburu, chakula cha Kichagga cha ndizi zilizopikwa na kupondwa pamoja na maharage, kikipelekwa maabara hujibu vipimo viwili kwa pamoja: cheusi kwa iodini na zambarau kwa Biureti. Mtori wenye nyama ya kutosha hujibu vivyo hivyo, na si ajabu kwamba ni chakula kinachopewa heshima kwa mama aliyejifungua.

Kiburu kikisindikizwa na kipande cha parachichi lililochumwa katika kihamba hicho hicho, karatasi ya kaki nayo hupata doa. Kikombe cha maziwa ya ng'ombe wa nyumbani kikiongezwa baada ya mtoto kufikisha mwaka mmoja, sukari hujitokeza kwenye Benedict na zambarau huongezeka.

Kwa maneno mengine, kihamba cha Kichagga chenye mgomba, maharage, mparachichi na zizi la ng'ombe kina uwezo wa kujibu vipimo vyote vinne bila mtu kwenda dukani. Tatizo huanza pale maharage, maziwa na mayai yanapouzwa yote sokoni na mtoto akabakiziwa ndizi.

Mambo ambayo vipimo havisemi

Vipimo hivi vinaonyesha kama kitu kipo, si kipo kiasi gani. Rangi za Benedict hutoa makadirio tu. Chakula chenye protini kidogo kinaweza kubaki bluu, hivyo jibu sahihi ni kwamba protini haikuonekana, badala ya kwamba haipo kabisa.

Wanaotaka kiasi hutumia njia nyingine. Iliyo maarufu kwa protini ni ya Johan Kjeldahl wa Denmark, iliyotolewa mwaka 1883, ambayo hupima naitrojeni iliyomo katika chakula na kuizidisha, mara nyingi kwa 6.25, ili kupata protini.

Nayo inaweza kudanganywa. Mwaka 2008 nchini China, maziwa yaliyozimuliwa yaliongezwa melamini, kemikali ya viwandani yenye naitrojeni nyingi, ili yaonekane yana protini ya kutosha. Watoto wachanga sita walifariki na takriban 300,000 waliathirika. Melamini haina viungo vinavyoshikwa na shaba ya Biureti, lakini kipimo kilichotegemewa kiliuliza habari ya naitrojeni tu, nacho kikajibu kile tu kilichoulizwa.

Aidha, vipimo vinne havioni vitamini, madini ya chuma, zinki wala sumu kuvu. Mchicha unaweza kushindwa karibu vyote na bado ukahitajika mezani. Kwa sababu hiyo hakuna anayepaswa kuitupa mboga kwa kuwa haikubadilisha rangi.

Wala vipimo hivi havimpimi mtoto. Mtoto mwenye miguu iliyovimba, nywele zilizopauka, ngozi inayobabuka au aliyekonda kupita kiasi anatakiwa kufikishwa kituo cha afya mara moja. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko wa mkono wa juu ulio chini ya sentimita 11.5 ni dalili ya utapiamlo mkali. Kumlisha nyumbani protini nyingi kwa haraka kunaweza kumdhuru, kwa kuwa matibabu yake huanza taratibu na kwa uangalizi.

Tahadhari

Haidroksaidi ya sodiamu, ambayo watengenezaji wa sabuni huiita kostiki, huunguza ngozi na macho. Ikimwagika, sehemu hiyo ioshwe mara moja kwa maji mengi. Salfeti ya shaba ni sumu ikimezwa. Asidi ipimwe na mwalimu. Chakula kilichokwisha kupimwa hakiliwi, hata kama kimeguswa na tone moja la iodini, na sufuria ya maabara hairudi jikoni.

Neli isipashwe moja kwa moja kwenye moto, bali kwenye maji yanayochemka. Mdomo wa neli usimwelekee mtu yeyote.

Maabara na jiko

Kwa miaka mingi shule zisizo na maabara ziliruhusiwa kufanya mtihani mbadala wa vitendo, ambao mwanafunzi alisoma habari za rangi ya zambarau bila kuiona. Kampeni ya kujenga maabara katika shule za sekondari, iliyoshika kasi mwaka 2014 na 2015, ilikusudia kuondoa hali hiyo. Jengo ni hatua moja. Kemikali zinazokwisha na kuhitaji kununuliwa tena kila mwaka ni hatua nyingine.

Hata hivyo, vipimo viwili kati ya vinne, cha iodini na cha karatasi, havihitaji maabara wala fedha nyingi. Mwalimu wa shule ya msingi aliyeko Rombo, Machame au Old Moshi anaweza kuvifanya darasani kwa ndizi, parachichi na chupa ndogo ya dawa ya kidonda, na kuwatuma wanafunzi wakaangalie chakula cha wadogo zao nyumbani.

Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake kwamba ndizi hujibu kipimo kimoja na kiburu hujibu viwili, ataelewa kwa nini bibi yake alikuwa akitia maharage ndani ya chungu. Na siku atakapokuwa mzazi, hatahitaji neli ya majaribio kujua sahani ya mwanawe imepungukiwa nini.